Chupa Kumi na Moja na Wivu Wangu

Vijana mnaobaki maabara mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi kabla sijafunga mizigo kurudi Tabora. Nilidhani mnataka kujua namna ya kutunza darubini. Baadaye nikasikia kwamba mmemwomba pia nesi mkuu aandike ya kwake, na kwamba mnategemea yake yatakuwa matamu zaidi. Basi nimekaa kuandika hima, nimtangulie. Mnaona tangu mwanzo nina tabia gani.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vingi, na vile vya wenzangu nikivitaja nitakosa usingizi.

Nilifika Kibaha miaka michache baada ya Uhuru, nimevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa, mkononi nina cheti cha msaidizi wa maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya saruji na dirisha la upande wa mashariki. Darubini ilikuwa na kioo chini, unakielekeza kwenye jua ndipo uone kitu. Wingu likipita, unanyoosha mgongo na kungoja. Nyinyi mnabonyeza swichi na bado mnalalamika.

Aliyenipokea ni Mzee Stefano, mtu wa Masasi, mfupi, mwenye vidole vilivyobabuka kwa asidi. Alinifundisha kupima sukari kwenye mkojo: dawa ya bluu kwenye neli ya kioo, matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikipita njano na machungwa hadi rangi ya tofali, mwenye mkojo ana kisukari, na wala huhitaji miwani kuliona hilo. Protini nayo ilikuwa na namna yake. Unachemsha sehemu ya juu ya neli tu, unadondosha asidi, na asidi ikiisha unatumia siki. Pakitokea utando mweupe usioondoka, figo zinavuja. Mzee Stefano alikuwa pia na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi, kwamba kabla hujapima mkojo umtazame kwanza mwenye mkojo. Niliona ni mambo ya kizee. Siku aliyostaafu alimsifu mwenzangu wa zamu mbele ya watu wote, mimi akanipa mkono tu, na mpaka leo siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu.

Halafu akaja Daktari. Jina lake silitaji, wala sisi hatukulitumia. Tulimwita Daktari basi. Alikuja na swali moja lililomsumbua. Wanawake wa vijiji vya Kibaha na Kisarawe walikuwa wakipata kifafa cha mimba, wengine wakizaa watoto wakubwa kupita kiasi ambao hawakulia. Alitaka kujua nani kati yao ana kisukari na nani figo zake zinachoka, ajue mapema, mimba ingali changa. Kila mwezi tulitakiwa kuzunguka vijijini kukusanya mkojo wa wajawazito, kuanzia Dutumi hadi kule nje ya Maneromango. Mimi nilikuwa mtu wa kupima. Wa kuongea na wanawake alikuwa Nesi Tausi.

Tausi alikuwa mkunga, Mzaramo wa Kisarawe, mnene kidogo, mwenye sauti iliyofika chumbani kabla yake. Mimi ni Mnyamwezi. Hapo tayari ni watani, na mtani hakasirikiwi. Aliniita mla panya mbele ya wagonjwa. Aliniambia kichwa changu kingefaa kuegeshea Landrova. Nami nilimwambia Wazaramo wameumbwa kwa ajili ya ngoma na kulala. Watu walicheka, nasi tulicheka. Utani una faida hiyo: unaweza kumchukia mtu miaka kumi na kila mtu akadhani mnapendana.

Nilimwonea wivu. Sitalipaka neno hilo rangi. Nilikuwa napima siku nzima, naandika matokeo kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka kwa rula. Daktari akiingia alichukua daftari langu, akalitazama, kisha akageuza shingo kuelekea mlangoni na kuuliza, "Tausi anasemaje?" Tausi alikuwa na daftari la shule lililochakaa, penseli imefungwa kwa uzi. Humo aliandika fulani ameota vibaya, fulani mumewe ana mke mwingine Mlandizi, fulani anakunywa maji kupita kawaida. Daktari alilisoma la kwake huku anakunywa chai. La kwangu aliliwekea kikombe. Mpaka leo kuna duara la chai juu ya kazi yangu ya wiki nzima.

Mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, tulipewa kijiji kipya, kule nje ya Maneromango, sitakitaja. Nyumba zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi, na watu waliotoka pande mbalimbali walikuwa hawajazoeana. Utaratibu wa Tausi ulikuwa kwenda safari ya kwanza bila chupa hata moja. Anakaa na wanawake, anakula kinachopikwa, anaulizia koo zao na makungwi wao, kisha anarudi zake. Mimi niliona ni kuchoma petroli. Na niliona jambo jingine: kijiji kipya, watu wapya, nikikianza peke yangu hakuna atakayeuliza Tausi anasemaje.

Nikamwendea Daktari, nikamwambia wanawake wa Dutumi wanamuulizia sana Tausi, itakuwa vizuri aende kwao, mimi nitaanza kule. Ukweli ni kwamba alikuwa amemuulizia mwanamke mmoja, tena kwa habari ya kitenge. Daktari akakubali.

Nikaenda na kikapu cha vichupa vya penisilini vilivyooshwa na kuchemshwa, kila kimoja nimekibandika plasta ya kuandikia jina. Wajawazito walikuwa kumi na mmoja. Walikaa kwenye mabenchi ya shule wamejitanda kanga, hakuna aliyenitazama usoni. Aliyesema kwa niaba yao ni bibi mmoja, Bi Kidawa, kungwi wao tangu kule walikohamishwa pamoja, aliyewacheza unyago karibu wote walipovunja ungo na aliyekuwa akizilea mimba zao. Nilimwamkia, akaitika marahaba akiwa anatazama kikapu changu. Nikaeleza kwamba kila mwanamke ajaze chupa yenye jina lake, mkojo wa asubuhi, na kesho nitapima. Bi Kidawa akauliza mkojo huo ukishapimwa unakwenda wapi. Nikamjibu kuwa hilo ni juu yangu. Hakuuliza tena.

Asubuhi aliniletea chupa zote kumi na moja ndani ya kikapu, kimefunikwa kanga. Nilifurahi. Kwingine tulikuwa tukingoja hadi saa sita chupa mbili zipatikane. Nikajisemea huyu bibi anajua utaratibu kuliko manesi wetu. Nikawasha taa ya spiriti juu ya dawati la darasa la pili.

Neli ya kwanza ikaja rangi ya tofali. Ya pili vilevile. Nilipoitoa motoni ya kumi na moja, nayo rangi ya tofali, nilikaa chini. Kijiji kizima cha wajawazito wenye kisukari! Nilifikiria muhogo, nikafikiria unga wa njano wa msaada tuliokuwa tukila mwaka ule, nikafikiria maji ya kisima kipya. Kwa kweli zaidi ya yote nilifikiria jina langu.

Kwenye ncha ya benchi alikaa binti aliyeitwa Mwamvua, mimba ya kwanza. Uso wake ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo. Kandambili zake alizishika mkononi kwa sababu miguu haikuingia tena. Nilimwona. Naomba mlikumbuke hilo neno, nilimwona, na sheria ya Mzee Stefano ilinipitia kichwani. Lakini neli yake ya protini ilikuwa safi kama maji ya mvua, nami nilikuwa nasoma neli. Nikamwambia apunguze muhogo. Kwenye daftari nikaandika mbele ya jina lake: Protini, hakuna.

Mwezi wa pili mambo yakawa vilevile, kumi na moja rangi ya tofali, protini hakuna hata kwa mmoja. Nilikuwa na kipimo cha uzito, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye mkojo. Kikazama hadi alama ileile katika zote. Nikaandika pembeni, "Ajabu." Vijana, mkiona ajabu ya namna hiyo simameni hapohapo. Mimi sikusimama. Mwamvua siku hiyo hakuja shuleni. Bi Kidawa alisema anajisikia mzito. Chupa yake ilikuja, nami chupa ilinitosha.

Daktari aliponiuliza nilimjibu bado nachambua. Daftari nililificha kwenye droo ya vioo vya darubini. Mkutano wa madaktari Dar es Salaam ulikuwa unakaribia, na nilitaka mwezi wa tatu ukitimia niliweke mezani kwake likiwa limekamilika, asiwe na cha kumuuliza mtu mwingine. Tausi alipita mara mbili kuniuliza kijiji kipya kinaendeleaje. Mara zote mbili nilimtania mpaka akaondoka anacheka.

Mwezi wa tatu Daktari alinionea huruma kwa kufanya kazi peke yangu, akaamuru Tausi aandamane nami. Njia nzima kutoka Mlandizi alikuwa akimsimulia dereva namna Wanyamwezi walivyofika pwani wamebeba pembe za ndovu wakaogopa bahari. Mimi nilikuwa nimelikumbatia daftari langu.

Tulipofika alimwamkia Bi Kidawa kwa Kizaramo, wakashikana mikono, wakaulizana habari ndefu. Nikaona uso wa yule bibi ukifunguka namna ambayo kwangu haukufunguka miezi miwili, nikalishika daftari kwa nguvu zaidi. Kisha Tausi akanyoosha mkono kuomba daftari. Mbele ya watu sikuweza kukataa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akauliza nani aliyeniletea chupa, nikamwonyesha Bi Kidawa, akaanza kucheka hadi akashika nguzo ya darasa.

"Mnyamwezi," akaniambia, "watu kumi na mmoja hawawezi kuwa na mkojo mmoja. Huu ni wa Bi Kidawa."

Bi Kidawa hakuona haya hata kidogo. Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mkwe asiyejua mila. Mkojo wa mja mzito hapewi mtu usiyemjua, ukiangukia mikononi mwa mbaya wako mimba haifiki. Lakini serikali imeomba, na mgeni harudishwi mikono mitupu.

"Hawa wana matumbo ya kuharibiwa," akasema. "Mimi langu limeshafunga. Nikaona nikupe wangu, uzijaze chupa zako uridhike."

Kwa hiyo kijiji chenye kisukari kilikuwa bibi mmoja mwenye kisukari. Hapo wangecheka wote hadi jioni, ila Tausi alikuwa ameanza kuwaita wanawake mmoja mmoja kwa majina ya daftarini, na walioitika walikuwa kumi. Akauliza Mwamvua yuko wapi. Bi Kidawa ndiye aliyejibu kwamba siku sita zilizopita alishikwa na kifafa, wakambeba kwa kitanda hadi barabarani, wakapata lori la mkaa. Mtoto alizaliwa amekufa. Mwamvua mwenyewe alikuwa bado hospitali Kisarawe.

"Alikuwa amevimba?" Tausi akauliza.

"Alivimba," Bi Kidawa akasema. "Bwana huyu si alimwona? Alimwambia apunguze muhogo."

Tausi akanigeukia. Nikasema sikumwona vizuri, alikuwa amejitanda kanga usoni. Niliyasema hayo bila kupepesa macho. Tausi akaniamini, kwa sababu hakuwahi kudhani mtu anaweza kudanganya juu ya jambo kama lile.

Alifanya kitu siku ileile ambacho nataka mkijue, kwa maana ndicho kilichotuwezesha kuimaliza kazi. Aliingia nyuma ya nyumba na chupa, akarudi na mkojo wake mwenyewe, akaniamuru niupime mbele ya wanawake wote. Kisha akawaambia wachague mahali pa kuchimba shimo. Kila mwanamke alileta chupa yake, akasimama kando yangu hadi nimemaliza, akachukua kilichobaki, akakimwaga shimoni kwa mkono wake na kukifukia. Tangu siku hiyo tulifanya hivyo kila kijiji. Mkikuta kwenye taarifa za zamani neno "shimo", ndilo hilo. Halikuwa wazo langu, na kuandika sentensi hii kumenichukua muda kuliko zote.

Tuliporudi Kibaha, Tausi alimwambia Daktari kuwa makosa ni yetu sote, yeye angepaswa kutangulia kule kama kawaida yake na badala yake alikwenda Dutumi. Daktari alimkunjia uso. Mimi nilisimama pale kando. Alikuwa anabeba mzigo wangu, tena bila kujua ni wangu, na je, mnadhani nilishukuru? Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa namna hata lawama ilivyomkaa vizuri.

Bi Kidawa alianza matibabu ya kisukari na aliishi miaka mingi. Alikuwa akijigamba kwamba serikali ilimpima mara ishirini na mbili ndipo ikamgundua. Mwamvua figo zake hazikurudi. Kwa miaka miwili alikuja Kibaha kila mwezi, na mimi ndiye niliyempima. Utando mweupe ulitanda kwenye neli kama maji ya kuoshea mchele, kila mwezi mzito kuliko uliotangulia. Alikuwa akiniamkia kwa adabu na kunishukuru kwa kumhangaikia. Mwezi mmoja chupa yake haikuja. Nikaambiwa mume wake ndiye aliyeleta habari, na kwamba alifika hadi mlangoni kwangu akakuta nimefunga. Nilikuwa ndani.

Tausi kwa miaka yote iliyofuata alinitambulisha kwa wageni kama mgunduzi wa kijiji cha kisukari. Watu walicheka, nami nilicheka. Alidhani ananitania kwa ujinga wangu, nao ujinga unatanika. Hakujua ni nani aliyempeleka Dutumi wala kwa nini. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Kila nilipokaribia, Daktari alimsifu kwa jambo fulani, hamu ikaniisha.

Mwaka jana Tausi alifariki, ghafla, akiwa anafua. Tulikwenda kumzika kwao Kisarawe. Mnajua kazi ya mtani msibani: anazuia jeneza, anamwiga marehemu, anasema yasiyosemeka, na wafiwa wanapata kucheka kidogo kabla ya kaburi. Watu walikuwa wananingoja mimi. Nikasimama mlangoni nimeinyoosha mikono, nikasema marehemu hatoki hadi anisikilize.

Nikasema, "Mzaramo, mimi ndiye niliyekupeleka Dutumi. Nilikuonea wivu. Na Mwamvua nilimwona amevimba, nikakudanganya."

Walicheka. Wanawake walishikana mabega kwa kicheko. Nikarudia polepole, nikaongeza kwamba yule binti alikufa kwa sababu yangu, nikaanza kulia, na walipoona machozi ndipo walipocheka zaidi, maana mtani anayelia ni hodari kweli. Mtu akanisogeza kwa upole, jeneza likapita. Baadaye bintiye Tausi alinishika mikono yote miwili, macho yamemvimba, akaniambia, "Ahsante, Mzee Maganga. Mama umemtania vizuri kuliko wote."

Daftari langu la mwaka ule liko kabati la chini, nyuma ya mizani mbovu. Mtalijua kwa duara la chai. Ukurasa wa Mwamvua bado unasema hakuna, kwa mwandiko wangu mzuri, mstari umenyooka. Nimewaandikia nyinyi kwa sababu hamna hata mmoja kati yenu aliye mtani wangu. Naomba msicheke.